Kwaya ya Parokia Kama Shule ya Kuimba kwa Watu Wazima na Vijana



Wakati wa likizo iliyopita tulikuwa mafrateri watatu katika mazoezi ya kichungaji kijijini. Siku moja katikati ya juma kulikuwa na mazishi katika kigango kimoja, na kwaya ya kigango ilikuwa imesafiri. Katekista akaanzisha wimbo ambao kila mtu pale alikwisha kuusikia mara nyingi. Ubeti wa kwanza uliimbwa. Ubeti wa pili sauti zikapungua. Ubeti wa tatu alibaki katekista pamoja na sisi tuliokuwa na kitabu mkononi, na umati wote ukasimama kimya kuzunguka kaburi. Watu wale hawakukosa imani, wala hawakukosa huzuni ya kumwimbia Mungu. Walikuwa wamezoea tu kwamba kuimba ni kazi ya wanaovaa sare.

Tulipokuwa tunarudi, mama mmoja mzee alitusogelea akasema, “Frateri, natamani kuimba lakini sina sauti. Nilipokuwa msichana mwalimu wa kwaya alinitoa, akasema nawaharibia wenzangu.” Neno lile alikuwa amelibeba kwa zaidi ya miaka arobaini.

Makala haya yametoka katika siku ile. Tunataka kueleza jinsi kwaya ya parokia inavyoweza kuwa shule ya kuimba kwa mtu yeyote, mzee au kijana, aliyesoma nota au asiyezijua. Tutaeleza Kanisa linafundisha nini juu ya kwaya, solfa ilitoka wapi na inasomwaje, na namna ya kumsaidia mtu anayesema hana sauti.

Kwaya katika mafundisho ya Kanisa

Mtakatifu Augustino, katika kitabu cha tisa cha Maungamo, anasimulia yaliyotokea Milano mwaka 386. Justina, mama wa Kaisari kijana, aliyefuata mafundisho ya Waario, alimtesa Askofu Ambrosi. Waamini wakakesha kanisani pamoja na askofu wao, tayari kufa naye, na Monika mama wa Augustino alikuwa miongoni mwao. Augustino anaeleza kwamba hapo ndipo ilipoanza Milano desturi ya watu kuimba tenzi na zaburi kwa namna ya Makanisa ya Mashariki, ili watu wasizimie kwa huzuni na uchovu. Tuangalie vizuri: walioimba ni watu wote waliokesha, na waliimba kwa sababu walikuwa wanaihitaji nguvu ya wimbo. Lile kusanyiko letu la kaburini lilikuwa na haja hiyohiyo.

Kwa karne nyingi baadaye, kuimba katika Misa kulibaki zaidi mikononi mwa makleri na waimbaji maalumu. Hata Papa Pius X, aliyeandika juu ya muziki mtakatifu tarehe 22 Novemba 1903, sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, alitamani waamini warudie kuimba nyimbo za Kigregori. Hata hivyo katika hati hiyohiyo aliwazuia wanawake kuingia katika kwaya ya liturujia, kwa kuwa aliiona kwaya kuwa huduma ya kikleri. Sauti za juu ziliachiwa wavulana. Papa Pius XII, mwaka 1955, alilegeza jambo hilo kwa masharti. Hati ya Musicam Sacram ya mwaka 1967 ikataja wazi kwamba kwaya inaweza kuwa ya wanaume na wanawake pamoja. Leo ukiingia katika parokia zetu nyingi na kuwaondoa akina mama kwenye kwaya, utabaki na mpiga kinanda na wazee wachache wa besi. Kumbe mlango tunaoupitia bila kufikiri ulifunguliwa si zamani sana.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Konstitusio juu ya Liturujia ya mwaka 1963, sura ya sita, unaagiza mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, kwaya ziendelezwe kwa bidii. Pili, wachungaji wahakikishe kwamba waamini wote wanashiriki sehemu yao ya kuimba. Musicam Sacram inafafanua zaidi: kwaya ina wajibu wa kuziimba vizuri sehemu zake, na pia wa kuwasaidia waamini waimbe. Inasema hata mahali pa kwaya kanisani paoneshe kwamba wanakwaya ni sehemu ya jumuiya iliyokusanyika. Tena haikubali desturi ya kuiachia kwaya peke yake nyimbo zote za Misa, waamini wakabaki watazamaji.

Kwa hiyo kwaya inayoimba vizuri huku kanisa zima likinyamaza imetimiza nusu ya kazi yake.

Mwanafalsafa na kwaya tatu

Sisi tunaosoma falsafa tulifurahi kuona kwamba suala hili ni la zamani kuliko Kanisa. Plato, katika kitabu cha pili cha Sheria, anaona kwamba mtu asiyefundishwa kuimba na kucheza katika kwaya hajapata malezi. Kwake yeye, mtoto hujifunza kupenda mema kwanza kwa sauti na mwendo wa mwili, kabla akili haijaweza kutoa hoja. Kisha anapanga mji wenye kwaya tatu: ya watoto, ya vijana walio chini ya miaka 30, na ya watu wazima wa miaka 30 hadi 60. Waliozidi hapo wanasimulia hadithi za maadili.

Plato aliona pia tatizo tunalolijua. Mtu kadiri anavyokua ndivyo anavyoona aibu kuimba mbele za watu. Dawa aliyopendekeza kwa watu wazima ni mvinyo kidogo ili wachangamke! Hatumshauri mwalimu yeyote wa kwaya aifuate dawa hiyo, lakini uchunguzi wake ni sahihi. Kinachowafunga mdomo watu wazima wengi ni aibu, na aibu huondolewa kwa mafundisho ya taratibu pamoja na wenzako.

Do, re, mi zilitoka wapi?

Kwaya nyingi za Tanzania na Kenya husoma nyimbo kwa solfa, yaani kwa herufi d, r, m, f, s, l, t. Mwanzo wa majina hayo ni utenzi wa Kilatini wa Mtakatifu Yohane Mbatizaji. Mmonaki Guido wa Arezzo, aliyefundisha waimbaji huko Italia katika karne ya 11, alitumia muziki ambao kila kifungu cha utenzi huo kilianza sauti moja juu ya kifungu kilichotangulia. Akachukua silabi za mwanzo wa vifungu: ut, re, mi, fa, sol, la. Kabla ya hapo mwimbaji alitegemea kusikia na kukariri kwa miaka mingi. Guido alidai kwamba kwa njia yake kazi ya miaka kumi ingeweza kufanyika kwa mwaka mmoja au miwili. Baadaye ut ikawa do, na sauti ya saba ikaongezwa.

Katika karne ya 19 huko Uingereza, mwalimu mmoja wa Norwich aitwaye Sarah Glover alitengeneza njia ya kuwafundisha watoto kuimba kwa kutumia herufi za kwanza za silabi hizo, bila mistari mitano ya nota. Mchungaji John Curwen, ambaye mwaka 1841 aliombwa na walimu wa shule za Jumapili atafute njia bora ya kufundisha kuimba, aliichukua kazi ya Glover na kuiendeleza. Nia yake ilikuwa watoto na watu wa kawaida ambao hawakuwa na kinanda wala fedha ya kumlipa mwalimu. Wamisionari na walimu wa shule wakaileta solfa Afrika. Hivyo mazoezini Jumamosi jioni tunatumia urithi wa mmonaki Mkatoliki, uliorahisishwa na mwalimu na mchungaji wa Kiprotestanti kwa ajili ya maskini, na kwa njia hiyo ukatufikia sisi.

Namna ya kusoma solfa

Kwa asiyejua, ukurasa wa solfa unatisha kama kitabu cha hesabu. Kumbe kanuni zake za msingi hujifunzwa kwa jioni chache. Tuchukue mstari huu mfupi:

| d : r | m : – | f : m | r : – |

Mistari ya wima inagawa wimbo katika vipimo. Nukta mbili zinatenganisha pigo na pigo, kwa hiyo hapa kila kipimo kina mapigo mawili. Herufi ni sauti unayoimba. Kistari maana yake endelea kuishikilia sauti iliyotangulia, na nafasi iliyo wazi maana yake nyamaza. Nukta moja ndani ya pigo hulikata katikati, hivyo d.r ni sauti mbili katika pigo moja. Alama ndogo upande wa juu wa herufi, kama d’, inaonesha sauti ya ngazi ya juu. Ikiwa upande wa chini, kama s, iliyoandikwa na mkato, ni ya ngazi ya chini. Mwanzoni mwa ukurasa huandikwa do iwekwe wapi kwenye kinanda, kwa mfano G. Wimbo ukiwa juu mno kwa waimbaji wako, unaishusha do na herufi zote zinabaki zilezile. Huo ndio uzuri wa solfa kwa kigango kisicho na kinanda.

Mwalimu akumbuke jambo moja. Ngazi za solfa hazilingani. Kutoka mi kwenda fa, na kutoka ti kwenda do, ni nusu hatua tu, wakati nyingine ni hatua nzima. Hapo ndipo wanaoanza hujikwaa, kwa sababu huipandisha fa kupita mahali pake. Mwalimu akiwazoesha kupanda na kushuka d r m f s polepole kila mwanzo wa mazoezi, atakuwa amepunguza makosa mengi kabla wimbo haujaanza.

Sauti nne, mwili mmoja

Katika wimbo wa sauti nne, sauti ya kwanza huimbwa na wanawake au watoto wenye sauti za juu, na mara nyingi ndiyo inayobeba wimbo wenyewe. Ya pili ni ya wanawake wenye sauti za chini. Ya tatu ni ya wanaume wa juu, na ya nne, yaani besi, ni ya wanaume wa chini.

Kwaya nyingi hufundishwa hivi. Kila sauti inajifunza mstari wake kwa solfa, bila maneno. Ikishaufahamu, inaweka maneno. Halafu mwalimu anaunganisha sauti mbili, mara nyingi ya kwanza na ya nne, kwa kuwa masikio hushika kwa urahisi kilele na msingi. Kisha anaongeza ya tatu, mwisho ya pili. Yeyote aliyewahi kuimba sauti ya pili anajua kwa nini inachelewa: mstari wake hukaa katikati, huzunguka sauti chache, na ukijisahau kidogo unajikuta umehamia sauti ya kwanza.

Hapa kuna somo la kiroho ambalo halihitaji kulazimishwa. Mwimbaji wa sauti nne anapaswa kuushika mstari wake na wakati huohuo kuwasikiliza watatu wengine. Asiposikiliza, atapandisha au kukimbia. Asiposhika wake, atamezwa. Mtakatifu Paulo anapowaeleza Wakorintho juu ya viungo vingi vya mwili mmoja, mwanakwaya wa besi anaelewa haraka.

Mtu anayesema hana sauti

Tunarudi kwa yule mama. Wapo watu ambao kwa maumbile hawawezi kutofautisha sauti ya juu na ya chini, lakini ni wachache sana. Wengi wanaoambiwa hawana sauti husikia vizuri, na hata hujua mwenzao akikosea. Walichokosa ni mazoea ya kulinganisha koo lao na kile wanachosikia, na mazoea hupatikana hata uzeeni.

Njia ya kwanza ni kuanza na sauti ya mtu mwenyewe. Badala ya kumpa noti na kumwambia aifuate, mwambie atoe sauti yoyote iliyo rahisi kwake, halafu mwalimu amfuate yeye. Akishasikia sauti mbili zimekutana, panda naye hatua moja, shuka naye hatua moja. Njia ya pili ni kumketisha kati ya waimbaji wawili imara wa sauti yake, si pembeni. Njia ya tatu ni kuangalia kama amewekwa katika sauti inayomfaa. Mama mwenye umri mkubwa aliyelazimishwa kuimba sauti ya kwanza huonekana hana sauti, kumbe sauti yake imeshuka na nyumba yake sasa ni sauti ya pili. Njia ya nne ni kupumua: kusimama wima, mabega yatulie, pumzi ishuke hadi tumboni. Wengi huishiwa sauti kwa sababu wameishiwa pumzi.

Wasiojua kusoma wasiachwe pia. Wapo wazee wa besi ambao hawajawahi kushika karatasi ya nota, na hawakosei. Wameshika kwa masikio. Solfa ni ngazi ya kusaidia, na isigeuzwe kuwa uzio.

Vijana na wakubwa pamoja

Katika parokia nyingi kuna kwaya kuu na kwaya ya vijana, na si ajabu kukuta hazisalimiani. Vijana husema wazee wanaimba nyimbo zilezile. Wazee husema vijana wanataka vinanda vya kelele na kupiga video. Kila upande una sehemu ya ukweli, na kila upande una kitu ambacho mwenzake anakikosa. Vijana husoma nota haraka na wana pumzi. Wazee wanazijua nyimbo za Kwaresima, za Pasaka na za mazishi bila kitabu, na wakifa nazo hakuna atakayezianzisha kaburini.

Kuna mfano mzuri kutoka Kamina, Katanga, nchini Kongo, ambako Kiswahili kinazungumzwa. Padre Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, aliunda huko kwaya ya wavulana na walimu wao. Mwaka 1958 waliimba Missa Luba, Misa yenye maneno ya Kilatini na muziki uliotokana na namna za kuimba za watu wenyewe. Haikuanzia kwenye karatasi. Ilikua kwa kuimba pamoja, mmoja akianzisha na wengine wakiitikia, kama tufanyavyo katika ngoma na katika kazi za shamba. Watoto na wakubwa waliosimama mstari mmoja waliufanya ulimwengu usikilize.

Kwa wavulana, mwalimu awe na uvumilivu wa pekee. Anapobalehe, nyuzi zake za sauti hurefuka na kuwa nene, na sauti hushuka bila taarifa, leo iko hapa, kesho imekatika. Huu si wakati wa kumcheka wala kumtoa. Apewe mstari wenye sauti chache, asilazimishwe kupiga kelele, na abaki kwenye benchi lake. Mvulana aliyechekwa akiwa na miaka 14 ndiye baba atakayesimama kimya kanisani akiwa na miaka 50.

Wimbo na lugha yetu

Mwaka uleule wa 1963 Mtaguso ulipoelekeza kwamba muziki wa mataifa yenye mapokeo yake upewe heshima inayostahili, Padre Stephen Mbunga, mwana wa nchi yetu, alichapisha kitabu juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Swali lake bado ni letu: je, muziki tunaouimba unaiheshimu lugha tunayoiimba?

Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: BWA-na, m-ko-MBO-zi. Nyimbo nyingi za Ulaya huishia kwenye pigo zito, basi zikitafsiriwa ovyo pigo hilo huangukia silabi ya mwisho, na tunaimba bwa-NA. Mkazo si pambo. Ba-ra-BA-ra ni njia ipitayo magari, lakini ba-RA-ba-ra maana yake sawasawa kabisa. Mtunzi anayesoma maneno yake kwa sauti kabla ya kuyawekea noti huwasaidia waamini washike wimbo upesi, kwa sababu wanaimba kama wanavyosema.

Pa kuanzia

Kwa parokia au kigango kinachotaka kuanza, tunapendekeza mambo machache:

1. Dakika kumi kabla ya Misa ya Jumapili, mwalimu wa kwaya awafundishe waamini wote kiitikizo cha zaburi au wimbo mmoja. Si zaidi ya mmoja.

2. Mtakatifu na Mwanakondoo wa Mungu visibadilishwe kila wiki. Watu wakivizoea, wataviimba.

3. Kila mwaka kwaya ifungue darasa la solfa la wiki chache kwa yeyote anayetaka, hata asiyekusudia kuwa mwanakwaya.

4. Kwaya kuu na ya vijana ziwe na wimbo mmoja wa pamoja katika kila sherehe kubwa, na zifanye mazoezi pamoja.

5. Wazee waombwe kuzifundisha jumuiya ndogo ndogo nyimbo za mazishi, maana msiba hauisubiri kwaya irudi safarini.

Hitimisho

Kabla likizo haijaisha tulimwomba yule mama aje mazoezini. Alikuja, akakaa karibu na mlango. Mmoja wetu alimwomba atoe sauti yoyote, naye akatoa sauti ya chini, nzito kidogo. Tukaifuata sisi. Kwa wiki mbili zilizobaki alikaa kati ya akina mama wawili wa sauti ya pili. Siku ya mwisho alikuwa bado anapotea mahali penye fa, na wenzake wakimrudisha kwa kiwiko. Jumapili aliimba.

Kuna msemo unaohusishwa na Mtakatifu Augustino, kwamba anayeimba husali mara mbili. Tukiuamini, basi kumnyamazisha mtu bila sababu ni kumnyang’anya sala. Mtakatifu Sesilia, somo wa wanamuziki, awaombee walimu wa kwaya wawe na masikio ya kusikiliza na subira ya kufundisha, ili siku ya huzuni na siku ya furaha kusanyiko lote liweze kumwimbia Bwana. Amina.